Jicho la Kushoto la Malai

Miadi yao ilikuwa Jumatano. Wakaja Ijumaa.

Nilipomwona Tehmina anaingia mlangoni saa tatu na nusu asubuhi, kikapu cha paka mkononi, nilijua kuna jambo. Kwanza, siku haikuwa yake. Pili, alikuwa amepaka wanja, na wiki zote tatu alizokuja hapa sikuwahi kuona hata chembe ya wanja machoni mwake. Tatu, nyuma yake aliingia mama mfupi mwenye mtandio wa kijivu, mkoba kaukumbatia kifuani kama anapita penye vibaka. Macho ya yule mama yaliingia kwanza. Miguu ikafuata baadaye.

"Ndiye huyu?" aliuliza, akininyooshea kidole.

"Hapana, Ammi," Tehmina akasema kwa sauti ya chini. "Huyu ni Ghafur Bhai. Msaidizi wake."

"Afadhali."

Sikukasirika. Nina miaka hamsini na miwili na kitambi changu, na mke wangu naye huwa ananitambulisha kwa wageni kwa uso uleule.

Kazi yangu katika kliniki hii ya macho ya wanyama, hapa Lahore, ni kushika. Daktari anaangalia, mimi nashika. Nimeshika paka, mbwa, kasuku, na siku moja mbuzi wa jaji. Ukishika mnyama huna pa kupeleka macho yako, kwa hiyo unawaangalia watu. Na mimi kwa wiki tatu nilikuwa nimewaangalia watu wawili: Tehmina, mwalimu wa jiografia wa chuo cha wasichana, na Daktari Wamiq, bosi wangu, kijana mrefu mwembamba ambaye huongea na paka kwa ufasaha kuliko anavyoongea na watu.

Jumatatu ya wiki hiyo, mama yake Daktari alikuwa amepiga simu nyumbani kwa Tehmina. Aliomba kuja kunywa chai Jumapili. Kwetu chai ya namna hiyo siyo chai, ni posa, kila mtu anajua. Bi Kishwar, mama yake Tehmina, hakusema ndiyo wala hakusema hapana. Alisema, "Nitakupa jibu Ijumaa jioni."

Na Ijumaa ndiyo hii. Daktari alikuwa amenisimulia habari hiyo mara tatu tangu asubuhi, huku akiosha kifaa kimoja kilekile.

Alipotoka chumba cha ndani na kuwakuta wamesimama pale, alisahau mikono yake iko wapi.

"Assalam alaikum, Khala," akamwamkia, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo.

"Wa alaikum salaam. Najua sisi si wa leo. Tunasumbua?"

"Hapana, Khala. Karibuni sana."

"Nilitaka kumwona mtu anavyofanya kazi akiwa hajajiandaa," akasema Bi Kishwar. Akakipita kiti nilichomvutia, akachagua kingine pembeni, kile ambacho ukikaa unauona mlango, unamwona daktari na unamwona binti yako bila kugeuza shingo.

Nikamtoa Malai kikapuni. Paka wa Kiajemi, mweupe pe, uso umebonyea kama aliyegongana na mlango. Jicho la kulia lilikuwa na rangi ya asali. La kushoto lilikuwa limefumba nusu na linatoa machozi. Jumatano iliyopita halikuwa hivyo.

Daktari naye aliliona. Lakini hakulikimbilia. Alirudi nyuma hatua mbili, akafunga mikono kifuani, akatazama tu.

"Mbona hafanyi kitu?" Bi Kishwar akaniuliza mimi.

"Anatazama, Khala. Lazima aanzie mbali, aone paka anavyojishika mwenyewe."

"Hata mimi natazama, na hakuna anayeniita daktari."

Tehmina akafumba macho kidogo. "Ammi, tafadhali."

"Nimesema nini? Nimeuliza swali. Dada yangu kule Faisalabad ataniuliza, bwana huyo ni daktari? Nitasema ndiyo. Daktari wa nini? Hapo ndipo simu yangu itakata."

Daktari akachukua karatasi nyembamba ya kupimia machozi, akaikunja ncha, akaipachika taratibu ndani ya kope la chini. Bi Kishwar akasimama wima.

"Jicho linauma, wewe unalitia karatasi!"

"Haimuumizi, Khala. Inapima kama jicho linatoa machozi ya kutosha. Dakika moja tu."

"Machozi? Ungekuja kwangu siku binti huyu anapomkataa mposaji, nikupe ndoo nzima."

Nikacheka peke yangu. Kisha tukasubiri, kwa sababu dakika ile huwezi kuiharakisha. Tehmina alikuwa ameshika miguu ya mbele ya Malai. Daktari alikuwa ameshika kichwa. Kati ya vidole vyake na vya Tehmina pangeingia punje moja ya mchele, basmati, tena kwa ubavu. Macho ya Daktari yalikuwa kwenye saa. Macho ya Tehmina yalikuwa kwenye saa hiyohiyo, iliyo kwenye mkono huohuo, na sidhani kama yeyote kati yao angeweza kuniambia ni saa ngapi.

Bi Kishwar akakohoa.

"Machozi yapo," Daktari akasema, akiichomoa karatasi.

Akampungia Malai mkono mbele ya kila jicho kuona kama atapepesa. Akamdondoshea matone ya ganzi. Kwa kile kifaa kama kalamu akapima presha ya jicho la kulia, lakini la kushoto akaliacha.

"Mbona hilo bovu hulipimi?"

"Nikiona kidonda kinaweza kuwa kirefu, sitaki kuligusa, Khala."

"Kidonda kirefu." Bi Kishwar akakaa tena, polepole. "Daktari, nikuulize. Siku ya kwanza ulimwambia binti yangu kidonda ni kidogo kama mbegu ya ufuta. Kweli?"

"Kweli."

"Mbegu ya ufuta. Wiki tatu. Shemeji yangu alitolewa mtoto wa jicho asubuhi, adhuhuri akawa nyumbani anakula mchuzi wa nihari. Wewe kidonda chako kinapona, kinarudi. Kinapona, kinarudi. Na kila kinaporudi, binti yangu anavaa vizuri anakuja huku." Akaegemea mbele. "Jicho hili likipona kabisa, Tehmina atakuwa na sababu ya kuja hapa?"

Daktari akakiweka chini kile kifaa. "Hapana, Khala."

"Basi nadhani umenielewa."

Mimi nilimwelewa. Tehmina alimwelewa, akawa mwekundu mpaka masikioni. Mama huyu alikuwa anasema mbele yetu sote kwamba Daktari Wamiq analichelewesha jicho la paka makusudi. Na ubaya wa tuhuma ile ni kwamba hata mimi, kama ningekuwa sijamwona mtu huyu anavyokosa usingizi kwa ajili ya macho ya mbwa wa mitaani, ningeiamini.

"Ghafur Bhai," Daktari akasema. "Taa."

Nikanyoosha mkono, nikazima.

"Washa!"

Nikawasha. Bi Kishwar alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkoba ameuinua kama ngao.

"Khala," Daktari akasema kwa upole, "ndani ya jicho hakuonekani vizuri mpaka pawe na giza."

"Wiki tatu mmekuwa mnazima taa?"

"Na mimi nilikuwepo, Khala," nikasema.

"Wewe ulikuwa unamwangalia paka. Wao, nani alikuwa anawaangalia?"

Swali zuri.

Ikaamuliwa hivi: taa itazimwa, lakini yeye atasimama katikati yao. Akajipenyeza kati ya Daktari na Tehmina, mabega kwa mabega, na Daktari ikabidi apitishe ule mwanga wake mwembamba juu ya mtandio wa mama mkwe ambaye bado hajawa mama mkwe. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na moja. Sijaona mtihani wa namna ile.

Katika giza, Daktari akaweka rangi jichoni. Ni kikaratasi cha rangi ya machungwa, kikilowa kinageuka kijani. Akawasha mwanga wa buluu.

Jicho la Malai likawaka.

Penye uzima rangi ile haishiki, inateleza na machozi. Penye kidonda inang'ang'ania, inang'aa kijani kibichi. Wiki iliyopita palikuwa na alama ndogo tu. Leo alama ilikuwa kubwa kama dengu, na kingo zake zimechanika.

"Ya Allah," Bi Kishwar akasema. "Anatoka damu ya kijani puani!"

"Ni rangi, Ammi," Tehmina akasema. "Inapita kutoka jichoni mpaka puani. Ni dalili nzuri, njia ya machozi haijaziba. Daktari alinieleza." Kisha akasikia mwenyewe alivyolitamka lile neno 'Daktari', akarudi kushika miguu ya Malai.

Daktari hakuwa anasikiliza. "Kimechimbika," akasema. "Kikichimbika kidogo tu zaidi ya hapa, jicho litapasuka. Likipasuka tutalitoa."

Nikasikia pumzi ya Tehmina ikikatika gizani.

"Lakini nimetia matone mara nne kwa siku," akasema. "Sijaruka hata mara moja. Naamka kwa kengele. Nimeandika kila saa kwenye daftari, unataka kuliona?"

Daktari akachukua kijiti cha pamba, akakibingirisha polepole chini ya ile ngozi ya ndani ambayo paka wanayo pembeni ya jicho. Akakitoa. Akakisogeza kwenye mwanga.

Pamba ilikuwa na chembe nyeusi.

"Ghafur Bhai. Taa."

Nikawasha. Daktari akakishika kile kijiti mbele yake muda mrefu. Akasugua chembe moja kwenye karatasi nyeupe. Ikaacha mstari mweusi, laini, unaomeremeta kidogo.

Wanja.

Hapo ndipo akainua macho. Na mimi nilikuwa namtazama, kwa hiyo niliona yalipokwenda. Yalikwenda kwa Tehmina. Kwenye ule mstari mweusi aliokuja nao leo kwa mara ya kwanza, ambao hata mimi mzee niliona umempendeza.

"Bi Tehmina," akasema. "Siku ya kwanza Ghafur Bhai alikuuliza, nyumbani jicho linatiwa nini."

"Nikasema hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Unaniuliza," Tehmina akasema polepole, "au unanituhumu?"

Angeweza kusema jambo lolote. Alikaa kimya.

Tehmina akatazama kijiti. Akatazama karatasi yenye mstari. Akapandisha kidole kwenye kope lake mwenyewe, akakishusha, akaona weusi kwenye ncha yake, na nikaona jinsi alivyoelewa.

"Unadhani ni mimi," akasema. "Unadhani namuumiza Malai wangu kwa mkono wangu ili nipate kisingizio cha kuja kukuona."

"Sikusema hivyo."

"Umeniangalia hivyo!"

"Kumbe ulikuwa unakuja kumwona," Bi Kishwar akasema.

Nje mtu wa matunda ya jamun alikuwa anapita na mkokoteni wake, anaita bei, na sisi wanne tukamsikiliza kama vile sote tulitaka kununua.

"Ghafur Bhai, nipe kikapu," Tehmina akasema. Sauti haikutetemeka, ndiyo iliyoniogopesha. "Tutatafuta daktari mwingine. Na wewe Ammi, usihangaike na lile jibu la leo jioni. Jibu ninalo mimi. Mwambie mama yake asije."

Niseme ukweli. Wakati ule nilimtazama Bi Kishwar nikitegemea kuona furaha. Alikuwa amepata alichokuja kukitafuta, tena bila jasho. Binti mwenyewe amekataa. Dada wa Faisalabad hataambiwa kitu. Alichotakiwa kufanya ni kunyanyuka na kuondoka.

Hakunyanyuka. Alikuwa anamwangalia Malai, na taratibu sana, kama mtu anayeona baridi, akavuta mtandio wake wa kijivu akaufunika mkono wa kulia.

Mimi nina macho mepesi. Kabla mtandio haujafika niliona ukucha wa kidole cha shahada. Ulikuwa na weusi pembeni, ule weusi unaobaki kwa mtu anayefuta ncha ya kijiti cha wanja kwa kidole chake kila mara.

Nikamtazama Daktari. Naye alikuwa ameuona.

Sasa fikirieni ilivyokuwa. Neno moja tu lilitosha. "Khala, nionyeshe mkono." Angekuwa amejisafisha yeye, na tuhuma ya kuchelewesha jicho ingeanguka palepale mbele ya binti. Nilimsubiri alitamke. Ningekuwa mimi, ningelitamka kwa kipaza sauti.

"Khala," akasema. "Kabla hamjaondoka. Njoo uangalie mwenyewe kwenye hiki kioo cha kukuzia."

"Mimi? Najua nini mimi?"

"Hakuhitajiki kujua. Kuona tu."

Alisita. Kisha akaja. Daktari akamshushia kiti, akamwelekeza kidevu, akamwonyesha pa kutazama. Mimi nikamshika Malai. Tehmina alibaki mlangoni na kikapu kitupu, uso kaugeuzia ukutani.

Nikazima taa. Safari hii hakuna aliyepiga kelele.

"Hiki cha kijani," Bi Kishwar akauliza baada ya muda, "ndicho kidonda?"

"Ndicho."

"Na hizi nyeusi?"

"Wanja."

"Wanja ni kitu kibaya?"

"Mtu akijitia mwenyewe, mkono wake unajua jicho lake liko wapi. Paka hatulii, Khala. Anageuka ghafla, kijiti kinakwaruza. Na chembe zikibaki ndani, kila anapopepesa zinasugua. Kidonda kinahangaika kujifunga siku nne, tano, sita, halafu kinafunguliwa upya." Akasogeza mwanga. "Hizi ni mpya. Za jana. Wanapokuja Jumatano zinakuwa zimeshasafishwa na machozi, ndiyo maana sijawahi kuziona. Mngekuja siku yenu, hata leo nisingeziona."

Jana ilikuwa Alhamisi. Mkesha wa Ijumaa. Katika nyumba ngapi za mji huu mama huchukua kichupa chake mkesha wa Ijumaa, akajitia wanja kwa dua, kisha akawatia na watoto, aliyetulia na anayelia?

Bi Kishwar hakuondoa jicho kwenye kioo. Mgongo wake tu ndio niliouona, umeinama.

"Jana jioni," akasema, "Tehmina hakuwepo nyumbani. Alikuwa na kikao cha walimu mpaka saa moja."

Akashika ukingo wa meza.

"Aliyekuwepo nyumbani ni mimi."

"Ammi?" Tehmina akageuka mlangoni.

"Usiniite Ammi kwa sauti hiyo! Yule mama wa mposaji wa Gujranwala alipokuja mwezi uliopita, alifanya nini? Alimshika Malai kidevu, akasema, 'Macho gani haya ya paka!' Hivyo hivyo, kavukavu. Mashallah hakusema. Wiki ileile jicho likaanza. Nifanye nini? Nimwache? Nikawa namtia kidogo, kila Alhamisi, kwa ule wanja wa bibi yako. Namfunga kwenye taulo, namtia, nampangusa, nampa samli alambe." Akavuta pumzi. "Nilidhani nalitibu. Kila wiki nikaona halijapona, nikaongeza."

Nikawasha taa polepole, bila kuambiwa.

"Lakini wewe humpendi Malai," Tehmina akasema. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yao wenyewe. "Unamwita 'hicho kinyama'. Unasema anajaza manyoya kwenye zulia."

"Na anajaza. Nani kasema nampenda? Kitu kikiwa ndani ya nyumba yangu nakitunza."

Malai, ambaye hana adabu ya kujua lini anyamaze, akanyoosha shingo kutoka mikononi mwangu na kumpaka Bi Kishwar kamasi ya kijani kwenye mtandio. Mama akampangusa pua kwa ncha ya mtandio uleule. Kwa mkono wa kulia. Hakuuficha tena.

Kisha akamgeukia Daktari, na macho yale makali yakarudi.

"Wewe ulijua."

"Ndiyo, Khala."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofunika mkono."

"Na nilikuwa nimetoka kukuita mwongo mbele ya watu. Mbona hukusema?"

Daktari akajikuna shingo. "Nilishawahi kuwaaibisha watu wawili hivyo, zamani. Niliwaonyesha kosa lao mbele ya wenzao. Hawakurudi. Na wanyama wao pia sikuwaona tena. Mimi shida yangu ni jicho, Khala."

Bi Kishwar alimchunguza kuanzia viatu mpaka nywele, kama anayekagua kitambaa akitafuta uzi uliokatika. Niliona anatafuta ujanja. Niliona haupati, na kwamba kutoupata kunamkera.

"Mimi hukunipa kiti wala kioo," Tehmina akasema.

Sote tukageuka. Alikuwa ameweka kikapu chini.

"Ammi umemstahi. Umemshushia kiti, ukamwacha aone mwenyewe, aseme mwenyewe. Vizuri. Lakini mimi ulinihukumu palepale. Uliniangalia kama mwizi wa viatu msikitini."

"Ndiyo," Daktari akasema.

"Ndiyo tu?"

"Ndiyo, nilifanya hivyo. Ilichukua sekunde nne."

"Tano. Nilihesabu. Kwa nini?"

"Kwa sababu leo umepaka wanja."

"Na hukujiuliza nimempakia nani?"

Mtu wa jamun alikuwa ameshaondoka. Hakukuwa na kitu chochote cha kusikiliza isipokuwa feni.

"Nilijiuliza," Daktari akasema. "Tangu ulipoingia mlangoni. Nikaogopa kujijibu. Nikaona ni rahisi zaidi kuamini jambo baya."

"Mimi nipo hapahapa," Bi Kishwar akasema.

"Tunakuona, Ammi."

"Nasema tu, msije mkasahau."

Tehmina hakucheka, lakini shavu moja lilijaribu. Daktari akajitia kazi. Akaliosha jicho kwa maji ya chumvi mpaka hakukuwa na chembe hata moja, akaniagiza kola ya plastiki ili Malai asijikune, akaandika matone mapya, kila baada ya saa mbili kwa siku tatu za mwanzo. Aliongea huku anaandika, bila kuinua uso.

"Kosa lingine ni letu. Fomu yetu inamuuliza mwenye paka tu. Tungeuliza na wengine wa nyumbani."

Fomu ile huwa naiandika mimi. Nikatazama viatu vyangu.

"Litapona?" Bi Kishwar akauliza. Safari hii hakukuwa na mtego ndani ya swali.

"Lisipoguswa na kitu kingine, nadhani litapona. Siku saba mpaka kumi. Litabaki na kovu dogo."

"Siku saba mpaka kumi." Akahesabu kwa vidole. Kisha akasimama, akaweka mkoba kwapani. "Mwambie mama yako Jumapili hii haiwezekani."

Niliona kalamu ya Daktari inasimama.

"Sitaki wageni waje wamkute mtoto na bomba shingoni, halafu waanze maneno. Aje Jumapili ile nyingine. Na akiingia, kabla hajakaa, akimwona Malai aseme mashallah. Mwambie. Asiposema, nitamfungulia mlango wa kutokea mimi mwenyewe."

"Nitamwambia, Khala."

"Daktari wa paka," akasema peke yake, akitikisa kichwa. "Nitamwambia dada yangu wewe ni daktari wa macho. Si uongo."

"Ammi," Tehmina akasema. "Mimi nilisema jibu ninalo mimi."

"Na unalo?"

Tehmina akamchukua Malai kutoka mikononi mwangu, kola na vyote, akamwingiza kikapuni. Akafunga kufuli dogo. Ndipo akamtazama Daktari, moja kwa moja, kwa muda. Nilihesabu. Zilikuwa tano.

"Jumatano nitamleta mumwangalie," akasema. "Nitakuja nalo. Na nitakuja bila wanja, nione utaniangaliaje."

Bi Kishwar akamnyang'anya kikapu akakibeba mwenyewe, kwa mikono miwili.

Walipokwisha kutoka ndipo nikakiona. Kwenye kile kiti cha pembeni palikuwa na kichupa kidogo cha fedha, cha kizamani, na kijiti chake kimefungwa kwa mnyororo mwembamba. Nikakimbia nacho mpaka mlangoni.

"Khala! Umesahau kitu chako!"

Alikuwa ameshafika kwenye geti. Aligeuka, akakitazama kichupa mkononi mwangu, akanitazama mimi.

"Mimi sijasahau kitu," akasema, akaendelea kutembea, mdomo kauinamisha juu ya kikapu anampulizia Malai dua.

Nikarudi ndani. Daktari alikuwa kwenye sinki, mgongo kaupa dirisha, anaosha mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Ghafur Bhai," akasema, kama anayeuliza habari za hali ya hewa. "Ametazama nyuma?"

"Nani? Mama au binti?"

"Ghafur Bhai!"

Nikajifanya natafuta miwani. Nikaivaa. Nikasogea dirishani taratibu, kwa sababu na mimi katika maisha yangu huwa sipati furaha nyingi.

"Mama ametazama mara moja," nikasema, "kuhakikisha kichupa hatukitupi."

Maji yaliendelea kumwagika.

"Binti mara mbili."

Akafunga bomba.